Tamthilia Isiyotaka Kueleweka

Ndugu msomaji, katika kila nyumba yupo mtazamaji ambaye kila baada ya dakika tano huuliza, "Huyu naye ni nani?" Nyumbani kwetu mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo utaelewa taabu niliyoipata wakati wa likizo ya Juni, majira ambayo upepo wa baridi wa Dodoma huwafungia watu ndani tangu magharibi, vijana wa nyumbani walipoamua kwamba sote tutazame mchezo wa mfululizo wa Kimarekani uitwao Twin Peaks.

Mchezo huu si mpya. Ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Aprili, 1990, katika kituo cha ABC. Wakati huo sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, tena cha rangi, lakini huku kwetu tulingoja hadi mwaka 1994, na jioni zetu zilikuwa za redio. Basi kile kilichowakosesha Wamarekani usingizi mwaka ule kimetufikia sisi baada ya miaka zaidi ya 30, katika kompyuta ya kijana, kwa Kiingereza, mmoja akitafsiri na wengine wakimkosoa.

Watunzi wake ni Mark Frost na David Lynch, ambaye alifariki mwaka 2025. Kisa chenyewe mwanzoni ni chepesi. Asubuhi moja mtu aliyekuwa akienda kuvua samaki anaukuta ukingoni mwa maji mwili wa msichana, umefungwa katika plastiki. Msichana ni Laura Palmer, mwanafunzi wa sekondari, mwenye umri wa miaka 17. Mji ni mdogo, wa wapasua mbao, karibu na mpaka wa Kanada. Laura alikuwa fahari ya mji huo: mzuri wa sura, hodari shuleni, tena akiwapelekea chakula wasiojiweza majumbani mwao. Anatumwa mpelelezi wa serikali kuu, Dale Cooper, kijana nadhifu mwenye mapenzi makubwa na kahawa. Nani alimwua Laura?

Hapo ndipo wepesi unapoishia. Mpelelezi anachukua ushahidi kutoka katika ndoto zake. Katika ndoto hizo mtu mfupi mwenye suti nyekundu anazungumza maneno yaliyopindika, kwa kuwa mwigizaji aliyasema kinyumenyume na mkanda nao ukageuzwa kinyumenyume. Mama mmoja wa mjini anatembea na gogo kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga, na gogo hilo, asema yeye, linajua mambo. Na mara kwa mara anatokea jamaa mwenye nywele ndefu za mvi, aitwaye Bob, akichungulia kutoka mvunguni kwa maisha ya watu. Huyo Bob hakuwamo katika mchezo hapo awali. Frank Silva alikuwa mfanyakazi wa kupanga vyombo vya jukwaani, akaonekana kwa bahati mbaya katika kioo picha ilipokuwa ikipigwa, naye Lynch akaamua abaki.

Nakueleza hayo ili usijilaumu ukipotea njia. Watunzi walitaka upotee. Hawakukusudia hata kumtaja mwuaji mapema. Ni wenye kituo waliosukuma jina litajwe, likatajwa mwezi Novemba 1990, watazamaji wakapungua, na mwezi Juni 1991 mchezo ukasitishwa baada ya sehemu 30.

Sisi tuliolelewa na vitabu vya Kiswahili tunayo njia yetu ya kusoma visa vya mauaji, nayo tuliipata kwa Bwana Msa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mzimu na watu wanatetemeka. Bwana Msa anavuta kiko chake, anauliza maswali, anapima, na mwisho mzimu unaondoka jukwaani na anabaki binadamu mwenye damu mikononi. Twin Peaks inakwenda upande wa pili: inaanza na polisi na kuishia na pepo. Kweli, nasi tunao waliotupoteza kwa makusudi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka huohuo wa 1990, na Mzingile mwaka uliofuata, na wapo walimu mpaka leo wanaovisema vitabu hivyo kwa sauti ya kujihami.

Msomaji ambaye hajautazama mchezo huu na anapenda kushtushwa, namwomba aishie hapa, ageuze ukurasa kwenye mapishi.

Kwa majuma mawili sebule yetu iligeuka mahakama. Tulimshuku dereva wa malori, na tajiri mwenye hoteli, na daktari wa akili mwenye miwani ya rangi mbili. Jirani yetu, mama mwenye heshima zake, alipomwona yule mama wa gogo alipiga kofi na kusema, "Huyu wa Mirembe huyu! Ndiye!" Tukacheka wote.

Wewe unayesoma ukiwa Mwanza au Mbeya labda ungecheka vilevile, maana jina la Mirembe limekuwa tusi la nchi nzima. Lakini sisi tunaishi nalo. Hospitali hiyo ya akili imekuwapo hapa Dodoma tangu miaka ya 1920, na pamoja nayo iko Isanga, wanakopelekwa watu walioletwa na mahakama. Hakimu akiwa na shaka juu ya akili ya mshtakiwa humpeleka achunguzwe, na taarifa ya daktari hutakiwa katika siku 42. Wengi tunao ndugu au rafiki aliyetibiwa huko, akarudi, akaendelea na kazi yake. Tunajua haya, na bado tulimtafuta mwuaji kwa kuangalia nani amevaa vibaya na nani anazungumza peke yake.

Mwuaji alikuwa baba yake Laura. Leland Palmer, wakili, mwenye tai shingoni, mwenye nyumba nzuri na mke. Tangu sehemu ya kwanza alikuwa mbele ya macho yetu akilia. Alilia huku akicheza dansi na picha ya marehemu, nywele zake ziligeuka nyeupe kwa usiku mmoja, aliimba, akaanguka. Nasi tulimwonea huruma, na mara nyingine, nakiri, tulimcheka. Yule mama wa gogo hakumdhuru mtu yeyote. Alikuwa na ushahidi wa usiku ule, na polisi walichelewa kumsikiliza kwa sababu ya gogo lake.

Lakini tamthilia inakimbilia kusema kwamba hakuwa Leland hasa, kwamba ni Bob aliyemwingia tangu utoto na kumtumia kama koti. Hapo sikuridhika. Huyo Bob tunamfahamu vizuri. Ndiye yule anayetajwa mbele ya polisi kila siku, "Shetani alinipitia, afande," isipokuwa hapa amepewa nywele na sura. Kanuni ya Adhabu yetu humhesabu kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kinachoweza kumwokoa ni ugonjwa wa akili uliothibitishwa. Pepo hatajwi humo. Nawatendea watunzi haki: wao wenyewe wanaliweka jambo hilo wazi, pale mpelelezi anapomwuliza mkuu wa polisi kama ingekuwa faraja zaidi kuamini kwamba mtu anaweza kumtendea hivyo binti yake wa kumzaa. Mkuu wa polisi anajibu kwamba hapana. Na sinema waliyoitoa mwaka 1992, inayosimulia siku za mwisho za Laura, ina ukungu mchache zaidi juu ya kilichokuwa kikitendeka chumbani mwake. Wengi hawakuipenda ilipotoka. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu iliyo na ujasiri.

Usiku ule wa kufichuliwa, wakubwa tulianza kubishana juu ya Bob: ni pepo, ni ugonjwa, ni mfano tu? Ubishi ulinoga. Binti wa dada yangu, anayekaa nasi akisoma Kidato cha Pili, alikuwa kimya pembeni na blanketi lake. Kisha akasema, "Mjomba, mama yake alijua."

Tukamwambia hapana, mama alikuwa akileweshwa dawa, hakujua. Akajibu kwamba mama ndiye aliyemwona Bob ndani ya nyumba tangu mwanzo, na ndiye aliyewaelekeza polisi mpaka wakachora sura yake. Ni kweli. Mchoro huo ulibandikwa mjini, na Leland mwenyewe akautazama. "Alijua, ila aliogopa kujua," akasema mtoto. Kisha, bila kututazama: "Shuleni kwetu yupo mmoja. Hapendi likizo."

Mimi, ndugu msomaji, ninayeuliza "huyu ni nani" kila dakika tano, sikuuliza. Nilinyoosha mkono nikaomba chai. Kijana akaendeleza mchezo, na kwa nusu saa iliyobaki tukawatazama Wamarekani wakitafuta pepo msituni.

Mke wangu ndiye aliyeuliza, asubuhi, jikoni, wakichambua maharage, kwa sauti ya kawaida kana kwamba anauliza bei ya mafuta. Alipewa jina. Hakusubiri shule ifunguliwe. Alipiga namba 116, ile ya kuwasaidia watoto, isiyotozwa malipo, kisha akaenda mwenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kitambaa chake kichwani kama anayekwenda msibani. Waliyozungumza huko hayahusu gazeti. Aliporudi alinikuta nimekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, akaniuliza kama chai ile ya jana niliimaliza.

Vijana wanasema bado ziko sehemu 18 ambazo Lynch na Frost walizitoa mwaka 2017, na kwamba hizo hazieleweki kabisa. Hatujazianza. Binti wa dada yangu amesema atazitazama, kwa sharti kwamba safari hii watu wazima wasizungumze sana.