Daftari la Wiki: Mbili Juu ya Mbili

Kijiwe cha bodaboda hapa Mlowo, kandokando ya barabara kuu ya Tunduma, hakikosi karata abiria wanapopungua. Mchezo ni lasti kadi. Kabla ya kugawa, anayechanga huuliza: mbili juu ya mbili, yaani aliyetupiwa mbili kujibu kwa mbili yake, inaruhusiwa, au hairuhusiwi? Waliojifunzia Mbeya wana kanuni yao, na madereva wa malori waliokaa foleni ya mpakani Tunduma wana yao. Wakikubaliana ndipo karata zinagawiwa. Vikao vingi nilivyohudhuria havina ajenda iliyo wazi hivyo.

*

Simu haiulizi. Kijana mmoja wa kijiweni alitupiwa +2 kwenye mchezo wa karata wa UNO, ule wa simu, naye anayo +2 yake mkononi. Akaibonyeza, ikagoma. Akalambishwa mbili, zamu ikampita, akaapa kwamba programu imeharibika.

Haikuharibika. UNO aliibuni kinyozi wa Ohio, Marekani, Merle Robbins, mwaka 1971, na kanuni rasmi haziruhusu kulimbikiza, yaani kuweka +2 juu ya +2. Mei 2019 wenye mchezo walilisema hilo Twitter: ukitupiwa +4 unaokota nne na zamu inakupita, huwezi kuweka +2 ili mwenzako aokote sita. Watu wakawajia juu kana kwamba wao ndio waliokosea. Toleo la kidijitali la kampuni ya Ubisoft la mwaka 2016 lilitumia busara: kulimbikiza ni kanuni ya hiari, unaiwasha au unaizima kabla ya kuanza.

*

Ubishi mwingine huletwa na maneno ya karata yenyewe. Mbunifu wa michezo Richard Garfield alipokuwa akiujaribisha mchezo wake wa karata, Magic: The Gathering, uliotoka mwaka 1993, karata moja ilisema mpinzani atapoteza zamu ijayo. Garfield alikusudia mpinzani arukwe. Mchezaji mmoja akasoma kwamba zamu ijayo mpinzani atapoteza mchezo wenyewe, akajiona amelamba dume. Ilipochapishwa ikaitwa Time Walk, na maneno yakageuzwa: cheza zamu ya ziada baada ya hii. Hapo hapana ubishi.

*

Anayetaka kuumwa kichwa acheze Yu-Gi-Oh! Master Duel, iliyotoka Januari 2022. Karata moja inasema “wakati imepelekwa makaburini, unaweza…”, nyingine “ikiwa imepelekwa makaburini, unaweza…”. Ukiitoa ya kwanza kafara ili kumwita mnyama mwingine, nafasi yake imepotea, kwa sababu tukio la mwisho ni yule mnyama kuingia, si ile karata kuzikwa. Ya pili bado ina haki yake. Kwenye simu utaona kitu kimoja tu: kitufe hakitokei. Mwaka 2011 Konami, wenye Yu-Gi-Oh!, walinyoosha uandishi wa karata zao: kinachotangulia nuktamkato kikawa hatua ya kwanza, kama vile gharama, na kinachofuata kikawa matokeo. Ni kazi nzuri, lakini nani anaiona nuktamkato kwenye kioo cha simu, jua la saa saba?



*

Nisiionee simu. Haihesabu vibaya, na hakuna anayeficha karata chini ya paja. Ila mtu akikukatalia mchezo kijiweni unamuuliza sababu, na atakujibu, hata kama jibu ni la uongo.

Vijana mnaotengeneza michezo ya karata Dar es Salaam na Nairobi, ombi langu ni dogo: kitufe kikikataa, andikeni hapohapo kwa nini kimekataa. Sentensi moja ya Kiswahili inatosha.