Kamera Yako Inamlinda Nani?

Mwaka jana nilichora mpango wa waya wa ploti ya vyumba kumi hapa Kona ya Musa. Nikalipwa, nikafurahi. Leo nasema wazi: ile kazi nilikosea, na wewe unayepanga kuweka ulinzi kwenye nyumba za kupangisha uko mbioni kukosea vile vile.

Mie si injinia. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Naishi kwa kuandika, na makala yasipolipa nambebea ngazi binamu yangu, fundi wa stima. Lakini mambo haya si uchawi.

Fundi akisema sensa hamaanishi kuhesabu watu. Anamaanisha kidude kinachohisi: sumaku na swichi yake mlangoni, au jicho la ukutani linalonusa joto la mwili unaotembea. Mkondo wa waya unaachwa umefungika muda wote, ili mwizi akikata waya, king'ora kilie. Sanduku linapewa betri yake. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima. Sanduku lisilo na betri siku ile lilikuwa pambo tu. Viungo vya waya unavifunga vizuri, manake upepo wa chumvi huku kwetu unakula shaba. Na lile jicho la joto usilielekeze kwenye ukuta wanakopita tumbili. Likilia bure mara tatu, mara ya nne hakuna atakayeamka.

Haya yote nilimweleza mzee mwenye nyumba. Hakutaka hata moja. Alitaka kamera nne, ukumbini na uani, zitazame milango ya wapangaji.

"Kijana, wezi wa siku hizi wako ndani," akaniambia.

Taa ya ukumbini ilikuwa imeungua miezi. Hiyo, akasema, wapangaji wanunue wenyewe. Nikafunga kamera zangu kimya, manake nami nilikuwa na kodi ya kulipa.

Baada ya miezi mitatu, dada mmoja anayefanya kazi hotelini Diani, anayerudi usiku wa manane, akaitwa. Akaonyeshwa simu: wageni wako ni hawa, saa ni hizi. Aongeze kodi au ahame. Akahama. Ikawa sensa kweli, ile ya kuhesabu watu. Na mwezi huo huo mtungi wa gesi wa mama wa chumba cha sita ukaibwa uani. Kamera ilinasa nini? Giza na kofia.

Utaniambia nyumba ni yake. Sawa, kuta ni zake. Lakini kodi inanunua mlango na mambo yaliyo nyuma yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Hakikusema kila mwenye hati ya shamba. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inamtaka anayekusanya habari za watu awaambie anazikusanya kwa nini. Yule dada aliambiwa siku ya kufukuzwa.

Utaniambia tena wizi upo. Upo, nami nimeibiwa simu dirishani. Basi mpangie mwizi! Taa ukumbini na uani. Swichi ya sumaku kwenye geti. King'ora chenye betri. Kamera ukitaka, moja, itazame geti, na kila mpangaji ajue nani anaangalia picha zake.

Halafu jiulize: king'ora kikilia saa tisa usiku, nani atatoka? Si wewe unayelala Mombasa ng'ambo ya feri na programu yako kwenye simu. Atatoka mpangaji wa chumba cha tatu na rungu lake. Sasa mtu uliyemrekodi mkewe akitoka bafuni na leso, atatoka kwa ajili yako?

Mwezi uliopita nilipewa kazi nyingine ya aina ile. Niliuliza kamera zitatazama nini, nikajibiwa milango, nikakataa. Fundi mwingine alizifunga siku iliyofuata. Wewe fundi unayesoma hapa, najua njaa ni njaa. Lakini kabla hujatoboa ukuta, uliza swali hilo hilo, na uulize mbele ya wapangaji.