Muziki Si wa Kwaya Peke Yake

Naonelea kwamba muziki shuleni mwetu umekuwa wa wachache. Msimu wa tamasha ukifika, wenye sauti tamu huchaguliwa. Sisi wenye sauti za vyura twarudishwa darasani.

Mwaka jana rafiki yangu wa kidato cha nne alikuwa halali usiku kwa hofu ya mtihani. Hakumwambia mtu. Likizoni babu yake, hapa hapa Marani, akampakatisha obokano, ile yetu ya nyuzi nane. Jamani, kelele tupu! Lakini jioni hiyo ndipo alipomweleza mzee yaliyomsumbua.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 na kuonyesha kwamba sanaa husaidia afya ya mwili na ya akili. Haikusema ati lazima uimbe vizuri.

Basi naomba saa moja kila Ijumaa, chini ya mti, ili hata mwenzetu wa magongo asipande ngazi. Asiyependa ngoma achonge jiwe la sabuni la Tabaka. Ni laini, kisu chatosha, ila lilowekwe kwanza vumbi lisituingie kifuani. Na walimu, tafadhali, msitoe alama!

Yule babu amekubali kuja. Nauli ni juu yetu.