Tuyachunge matairi ya pikapu za kazi

Kila msimu wa karafuu unapowadia Pemba, na kila wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanapokuwa na mzigo wa kupeleka mjini, chombo kinachotafutwa kwanza ni pikapu. Ndiyo inayochukua magunia kutoka shamba, saruji kwenda kwenye ujenzi wa skuli, dawa kwenda vituo vya afya, na watumishi wa serikali kwenda vijijini. Ni gari dogo lililopewa kazi ya lori. Lakini gari hilo zima, pamoja na shehena yake na roho za watu waliomo, linagusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali hapo hapazidi sana ukubwa wa ukurasa wa daftari.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba katika mambo yote yanayohusu magari yetu ya kazi, tairi ndilo linalofikiriwa mwisho. Injini inapokohoa, fundi huitwa mara moja. Taa inapozimika, lawama hutolewa. Tairi huachwa mpaka lipasuke. Na likisha kupasuka, hununuliwa jingine lolote linaloingia kwenye rimu, kwa bei ya chini kuliko zote. Tunasema bila ya kigugumizi kwamba mtindo huu unatia hatarini maisha ya watu, na unateketeza fedha za umma huku ukijiita ubanaji wa matumizi.

Katika masika moja ya miaka ya karibuni, mwandishi wa safu hii alipanda pikapu ya idara moja, kutoka Chake Chake kwenda Wete. Nyuma palikuwa na makasha ya vifaa na watu wanne. Katika mteremko, tairi la nyuma lilipasuka. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu na ustadi wa dereva hapakuwa na aliyeumia. Tulipolitazama tairi lile tuliona mambo matatu. Kwanza, lilikuwa tairi la gari dogo la abiria, si la kuchukulia mzigo. Pili, alama iliyopigwa ubavuni ilionyesha kwamba lilitengenezwa miaka tisa nyuma. Tatu, dereva alikiri kwamba tangu lifungwe hapajatokea mtu aliyelipima upepo kwa geji. Kipimo chake kilikuwa ni kulipiga teke. Makosa yote matatu yalikuwa yameandikwa wazi juu ya tairi au yangeonekana kwa kipimo cha thamani ndogo. Hapakuwa na mtu aliyeyasoma.

Kusoma tairi si elimu ya mainjinia peke yao. Ubavu wa tairi ni kama cheti cha kuzaliwa. Juu yake huandikwa ukubwa, kwa mfano LT245/75R16. Herufi LT zinaonyesha kwamba limeundwa kwa ajili ya magari madogo ya mizigo. Matairi mengine ya kazi huwekewa herufi C baada ya kipimo cha rimu. Tairi lisilo na alama ya namna hiyo aghalabu ni la gari la abiria, hata likiwa pana na lenye sura ya kutisha. Hufuata namba ya uzito na herufi ya mwendo, mathalani 121/118R. Namba 121 ina maana ya kilo 1,450 kwa tairi moja likiwa peke yake. 118 ni kwa tairi lililofungwa pacha. Na herufi R ni mwendo usiozidi kilomita 170 kwa saa. Mafundi wetu wamezoea kuuliza tairi ni la plai ngapi. Ni swali zuri, lakini namba ya uzito ndiyo inayosema kilo zenyewe.

Tuchukue hesabu nyepesi. Tuseme pikapu moja ikiwa tupu huweka kilo 900 juu ya magurudumu mawili ya nyuma. Ikapakiwa mifuko 25 ya saruji ya kilo 50, yaani kilo 1,250, na mzigo karibu wote ukaangukia nyuma. Magurudumu hayo mawili sasa yanabeba kilo 2,150. Kama yamevishwa matairi ya abiria yenye namba 104, ambayo ni kilo 900 kila moja, jumla yake ni kilo 1,800. Na kanuni ya kitaalamu hutaka tairi la abiria likitumiwa kwenye gari la mizigo uwezo wake ugawiwe kwa 1.1, hivyo hubaki kilo 1,636 tu. Mzigo umekwisha kupita uwezo kwa zaidi ya nusu tani kabla gari halijaondoka. Matairi mawili ya namba 121 yangeweza kubeba kilo 2,900. Hata hivyo, tairi imara haliongezi nguvu za springi, ekseli wala breki. Kikomo cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji wa gari hubaki pale pale.

Kuhusu kashata, yaani yale makato ya mpira yanayokamata ardhi, wako vijana wanaopenda matairi ya matope yenye meno makubwa kwa ajili ya umaridadi. Barabara zetu kuu ni za lami. Juu ya lami, tairi la matope hupiga kelele, huisha upesi, na wakati wa mvua hushika breki kwa udhaifu. Kwa gari linalotumia lami siku nyingi na njia za shamba siku chache, kashata za mchanganyiko ndizo zinazofaa. Jambo la kuangaliwa zaidi kwetu ni ubavu, kwa kuwa mawe ya matumbawe yaliyochomoza katika njia zetu za ndani hukata kama wembe. Na kwa magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, matairi yote yawe ya ukubwa na aina moja, yaliyochakaa kwa kiasi kinachokaribiana. Kuchanganya huitesa gia ya kugawa nguvu na kuleta matengenezo ya gharama kubwa.

Umri nao una hukumu yake. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, hutafutwa tarakimu nne. Zikiwa 3521, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, na jua la visiwa vyetu huuharakisha. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililopita miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na lililofika miaka kumi liondolewe hata kama kashata zake bado ndefu. Mnunuzi anayelipia tairi jipya ana haki ya kujua limekaa kwa mfanyabiashara kwa muda gani.

Tairi jema likisha kufungwa, kazi ndipo inapoanza. Adui wake mkubwa ni upungufu wa upepo. Tairi lenye upepo mdogo huinama ubavuni kila linapozunguka. Kuinama huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi zake mpaka tairi lipasuke. Matairi ya siku hizi yana mbavu zenye kubonyea kidogo hata yakiwa sawa, kwa hiyo jicho haliwezi kutambua, wala teke. Geji ndiyo shahidi. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari au baada ya gari kusimama saa tatu, na tairi la akiba lisisahauliwe. Kipimo cha kufuata ni kile kilichobandikwa na mtengenezaji wa gari, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva, na hutofautiana mbele na nyuma, gari likiwa tupu au limepakiwa. Kile kilichoandikwa juu ya tairi ni upepo unaokwenda na mzigo wake wa juu kabisa. Na dereva aliyepima tairi la moto njiani akakuta upepo umepanda asiupunguze, kwani utarudi chini tairi likipoa.

Anayepita ufukweni akapunguza upepo ili asizame mchangani hana kosa. Kosa ni kurudi juu ya lami bila ya kuujaza tena. Maji ya chumvi yaoshwe, maana hula rimu mpaka upepo ukavuja kando yake. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 matairi yabadilishane nafasi ili yaishe kwa usawa. Uchakavu wenyewe pia ni barua kwa anayejua kuisoma: yakiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo, yakiisha katikati, ulizidi, yakiisha upande mmoja, magurudumu hayakunyooka, yanahitaji kile ambacho mafundi hukiita alaimenti. Katika nchi nyingi kikomo cha kina cha kashata ni milimita 1.6, lakini kwa mvua za masika busara ni kuondoa tairi kabla ya kufika huko.

Tuna neno pia kwa mafundi wa pancha, ambao tunaziheshimu kazi zao. Uzi wa mpira unaosokotwa kutoka nje ni msaada wa kumfikisha msafiri. Ziba ya kudumu hufanywa kwa kulivua tairi, kulikagua ndani, kujaza tundu na kubandika kiraka kwa ndani. Tundu lililozidi milimita 6, au lililoko ubavuni, halizibwi. Na zile rimu za vipande, ambazo bado zimo katika baadhi ya magari ya kazi, hazijaziwi upepo bila ya kizimba cha chuma. Pete yake ikifyatuka huua.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya matajiri. Tupige hesabu tena kwa mfano. Tairi la shilingi 250,000 likienda kilomita 20,000, kila kilomita imegharimu shilingi 12 na nusu. Tairi la shilingi 450,000 likitunzwa likaenda kilomita 50,000, kila kilomita imegharimu shilingi 9. Aliyenunua rahisi amelipa zaidi, mbali na mzigo uliochelewa na dereva aliyelala njiani. Visiwa vyetu havina kiwanda cha matairi. Kiwanda cha Arusha, kilichokuwa fahari ya nchi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Kila tairi tunalolifuja limeletwa kwa meli na limelipiwa kwa fedha za kigeni.

Kwa hiyo tunazitaka wizara, mashirika na mabaraza ya miji yafanye mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wao. Maombi ya zabuni yasiishie kutaja ukubwa wa rimu. Yataje namba ya uzito, aina ya tairi na umri usiopindukia, na mpokeaji ghalani alisome kila tairi kabla ya kutia saini. Bohari ziyaweke matairi kivulini, mbali na mafuta, na mbali na mashine za kuchomelea na mota za umeme, ambazo hutoa hewa inayopasua mpira. Kila gari lipewe geji yake na daftari lake, na awepo mtu mmoja, kwa jina, anayewajibika kuandika upepo kila wiki. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mkubwa anayemwamuru dereva kuongeza mzigo juu ya kikomo aelewe kwamba dhamana ya ajali ni yake.

Wananchi wenye pikapu za biashara hawahitaji kungoja waraka. Sisi ni watu wa bahari. Hakuna nahodha wa visiwa hivi anayetweka tanga bila ya kulikalafati jahazi lake, akategemea kwamba maji yatamwonea haya. Gari la kazi ni jahazi la nchi kavu, na abiria wake ni amana ile ile. Asubuhi ya kesho, kabla ya kuwasha injini, kila dereva na ashuke, asome maandishi ya ubavuni na apime upepo wa matairi yote matano. Kazi hiyo haizidi dakika kumi.