Kamera ya kwanza isikuvunjie nyumba!

Mwezi huu naongelea kamera. Najua unajiuliza kamera na mapenzi wapi na wapi. Subiri kidogo, maana nimeshuhudia kwa macho yangu kamera ikitaka kumlaza mtu sebuleni.

Shoga yangu mmoja wa hapa hapa Dar alikuwa anacheza mchezo na wenzake kazini. Zamu yake ilipofika akapokea shilingi 1,500,000. Siku nyingi alikuwa anaota kupiga picha kwenye kicheni pati na sendofu ili apate hela ya pembeni, kwa hiyo kichwani kwake zile hela zilikuwa tayari kamera. Mumewe naye alikuwa ameshazipigia hesabu ya ada ya mtoto ya Januari. Kila mmoja alikuwa na mpango wake na hakuna aliyemwambia mwenzie. Usiku ule kilinuka.

"Unataka kununua mdoli wa kuchezea wakati mtoto atarudishwa shule?" Baba Watoto akang'aka. Shoga yangu akanipigia simu analia, anasema mume hamtakii maendeleo. Mimi nikamwambia ukweli: hapo wote wana haki, ila wote hawakuongea. Kesho yake wakakaa chini na karatasi. Ada ilikuwa 600,000. Hiyo ikawekwa pembeni kabla ya yote. Zikabaki 900,000, nazo zikawa ndiyo mwisho wa kila kitu: kamera, lenzi, kadi na betri. Baba Watoto akakubali, kwa shingo upande lakini akakubali.

Jumamosi tukaibuka Kariakoo. Muuzaji kijana mmoja mwenye maneno matamu akatutolea boksi jipya linalong'aa. "Dada yangu, hii ni seti kamili. Kamera, lenzi mbili, begi na stendi ya miguu mitatu." Bei ilikuwa inakaribia hela yote ya mchezo, na ada ndani yake. Nikamwona shoga yangu macho yanamtoka. Nikamvuta mkono, tukaenda kunywa soda kwanza.

Kwa kuwa wengi mnaniuliza mambo haya haya, nayaweka hapa niliyomwambia.

La kwanza, jiulize unapiga picha gani na wapi. Kicheni pati nyingi ni usiku, ukumbini, taa hafifu za rangi. Hapo lenzi ina kazi kubwa kuliko bodi ya kamera. Lenzi ndogo inayokuja na kamera, ile ya 18-55mm, uwazi wake ukifika 35mm unakuwa kama f/4.5. Lenzi ya 35mm yenye f/1.8 inaingiza mwanga mara sita hivi zaidi ya hapo. Ndiyo tofauti ya bibi harusi anayeonekana sura na bibi harusi aliyefanana na mzimu. Kwa hiyo hela igawe: bodi ya kawaida, lenzi nzuri.

La pili, usilewe megapikseli. Canon 1100D ya mwaka 2011 ina megapikseli 12 tu, lakini picha yake inatosha kabisa kuchapwa ukurasa mzima wa A4 na bado ikang'aa. Anayekuuzia kwa kutaja megapikseli peke yake anakuuzia namba.

La tatu, DSLR, zile kamera zenye kioo ndani, ndizo zinazopatikana kwa bei ya maskini siku hizi. Sababu ni kwamba Canon na Nikon zimehamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, na Nikon ilishaacha kutengeneza D3500, iliyotoka mwaka 2018. Wapiga picha wengi wanauza za zamani ili wahamie huko. Je, kununua DSLR leo ni kupitwa na wakati? Kama unaanza, wala. Bado inapiga picha ile ile, lenzi za mtumba zipo, na betri inadumu. Hiyo D3500 inakadiriwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, na kwa umeme wetu huu si jambo dogo. Ila kama hela ipo ya kutosha na unataka kukaa na mfumo mmoja miaka mingi, anza moja kwa moja na isiyo na kioo.

La nne, kuna mitego. Bodi ndogo za Nikon, kuanzia D3000 hadi D3500, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi lazima iwe na mota yake, kama zile zilizoandikwa AF-S. Ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa sababu ni bei poa, itaingia vizuri tu, lakini fokasi utazungusha kwa mkono huku shangazi yake bibi harusi ameshamaliza kucheza! Kwa upande wa Canon, 2000D na 4000D hazina kile kichuma cha katikati pale juu panapowekwa flashi, kwa hiyo flashi nyingi za bei nafuu haziwaki. Kama kazi yako ni ya usiku, hilo litakuuma.

La tano, ukinunua ya mtumba usione haya kukagua. Nenda na kadi yako, piga picha ukutani palipo peupe kwa f/22, kisha ikuze. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa. Vumbi linasafishika, ila lipunguze bei. Toa lenzi, mulika kwa tochi ya simu ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na kwa unyevu wa pwani yetu inapenda sana lenzi zilizofungiwa kabatini. Achana nayo. Halafu uliza imeshabofya mara ngapi. Kwa Nikon, idadi hiyo imo ndani ya faili la picha na kuna programu za bure za kuisoma. Canon nyingi hazikuambii kirahisi hivyo.

Basi, tukazunguka mpaka tukampata mpiga picha anayehamia kwenye kamera isiyo na kioo. Alikuwa na Nikon D3300 ya mwaka 2014 pamoja na 35mm f/1.8 ya AF-S. Tukakagua yote hayo. Ilikuwa imebofya mara 31,000. Aina hiyo imejaribiwa kiwandani hadi mara 100,000, kwa hiyo hata ukipiga picha 800 kila shughuli, bado kuna shughuli zaidi ya 80 mbele kabla ya kufika hapo. Shoga yangu akalipa, akanunua kadi mbili na betri ya akiba, akabaki ndani ya zile 900,000.

Nyumbani akaiweka mezani pamoja na risiti ya ada. Baba Watoto akaanza na risiti, akaisoma yote, ndipo akaishika kamera. "Hii inawashwaje?" akauliza. Shoga yangu ananiambia hapo ndipo alipojua atalala chumbani.

Kazi yake ya kwanza alilipwa nusu ya alichotarajia, na picha nyingi za keki zilitoka zimetikisika. Sikufichi, kamera haikufanyi fundi kwa wiki moja. Ila waliandikiana kwamba hela ya kazi tatu za kwanza inaingia kwenye ada ya muhula unaofuata, na ya kwanza imeshaingia. Siku hizi kukiwa na shughuli usiku, mume ndiye anayembebea begi.

Msomaji wangu, kabla hujaingia dukani, mwambie mwenzio unataka nini, kwa bei gani, na itarudi vipi. Akisikia kutoka kwako atabishana na hesabu. Akikuta boksi chini ya kitanda atabishana na wewe.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane!