Vyakula vya Majiko ya Nyumbani: Wito kwa Wakazi wa Kinondoni na Temeke

Maandazi, vitumbua, ubuyu, kashata na unga wa lishe vinavyouzwa Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Bunju hutoka kwa wingi katika majiko ya nyumbani. Usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, ulipoondolewa kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), lakini masharti ya jengo la kusindikia yanamzidi mpangaji anayekaangia uani. Matokeo yake, wengi huuza bila kutambuliwa, na mamlaka huwafikia wakati wa balaa. Kipindupindu kilipozuka Kinondoni Agosti 2015, marufuku ya kuuza vyakula ovyo iliwakumba wasafi na wachafu pamoja. Hiyo haikuwa haki.

Hatari za vyakula hazilingani. Andazi lililoiva kwenye mafuta ya moto na kuliwa asubuhi hiyo hiyo lina hatari ndogo. Juisi na barafu za mifukoni hazipiti motoni. Maji yakiwa machafu, mlaji hana kinga. Unga wa lishe unatisha zaidi, kwa kuwa mlaji wake ni mtoto mdogo: karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Jimbo la California, Marekani, lilizingatia tofauti hizi katika sheria yake ya 2012, likaruhusu vyakula visivyoharibika upesi kuuzwa kutoka nyumbani kwa usajili mwepesi.

Hapa kwetu, halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Wakazi wanaombwa waifikishe hoja hii kwenye mikutano ya mitaa yao: usajili wa majiko ufuate hatari ya chakula, na afisa afya afike kuelekeza kabla ya kutoza faini. Wapishi wajiunge katika vikundi, kwani kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, zikiwemo 4 za wanawake, kikanunua tangi la maji au mashine ya kusaga. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nayo huwafunza wasindikaji wadogo. Wenye nyumba wakarabati vyoo na mabomba, maana mpangaji hawezi kuwa msafi kuliko ua anaopikia. Wanunuzi nao waulize chakula kimepikwa na nani, na lini.