Dawa ilimsaidia panya, mbona ikamuumiza mgonjwa?

Panya anawekwa juu ya fimbo inayozunguka. Kasi inaongezwa kidogo kidogo, mtafiti anahesabu sekunde mpaka panya adondoke. Akidumu zaidi baada ya kupewa dawa, matumaini yanaanza.

Kipimo hiki ni cha kawaida kwenye utafiti wa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, ule uliomkalisha Stephen Hawking kwenye kiti cha magurudumu. Tangu 1994, maabara zinatumia panya waliowekewa jeni ya binadamu yenye hitilafu, iitwayo SOD1. Panya hao hupooza na kufa wakiwa na miezi michache tu.

Shida ni pale dawa inapohamia kwa watu. Antibayotiki ya minosaiklini ilirefusha maisha ya panya. Ilipojaribiwa Marekani kwa wagonjwa 412, matokeo ya 2007 yalionyesha waliomeza dawa walidhoofika haraka kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kosa liko wapi?

Taasisi ya ALS TDI ya Massachusetts ilipima dawa zaidi ya 100 kwa panya hao. Nyingi zilizosifiwa mwanzo hazikufua dafu.

Sababu zenyewe ni za kawaida kabisa. Madume hufa mapema kuliko majike. Baadhi ya panya hupoteza nakala za jeni iliyowekwa, wakaishi zaidi hata bila dawa. Kundi likiwa dogo, bahati tu inaonekana kama tiba.

Panya aachwe?

Desemba 2022, sheria mpya Marekani iliondoa ulazima wa kujaribu dawa kwa wanyama kwanza. Aprili 2025, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ikatangaza mpango wa kupunguza majaribio hayo, kuanzia na dawa za kingamwili.

Ila kumtupa panya moja kwa moja ni mapema. Wanyama wenye jeni hiyo hiyo ya SOD1 walisaidia kufikia toferseni, dawa ambayo FDA iliiidhinisha kwa utaratibu wa haraka 2023. Hiyo ni ya wagonjwa wenye hitilafu ya SOD1 pekee, takriban 2% ya wenye ALS.

Maana yake, panya anajibu vizuri swali linalohusu jeni aliyowekewa. Ukimuuliza kuhusu wagonjwa wote, anakupoteza.

Kwa hiyo ukikutana na habari ya "dawa mpya yaleta matumaini", uliza: ni panya wangapi, madume na majike walitenganishwa, na je, kuna maabara nyingine imerudia ikapata jibu lile lile?